Makaburi Yenye Mizizi

Kijiji cha Legerwood kiko kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Tasmania, nchini Australia, na zamani kilijulikana kwa jina la Ringarooma Road. Tarehe 15 Oktoba 1918, zikiwa zimebaki wiki zisizotimia nne kabla bunduki hazijanyamaza Ulaya, wanakijiji walipanda miti tisa. Saba ilikuwa ya vijana saba wa hapo waliokwisha kufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kila mmoja na mti wake. Miwili iliyobaki ilikuwa ya mapigano ya Gallipoli, huko Uturuki, na ya Anzac, yaani jeshi la pamoja la Australia na New Zealand. Miti ilikua, ikatanda, ikazeeka, na mwaka 2001 ikatangazwa kuwa si salama tena. Mti wa namna hiyo kwa kawaida hukatwa, kisiki kikang'olewa, nyasi zikaota, basi. Legerwood hawakukubali. Matawi yaliondolewa, lakini vigogo vikaachwa vimesimama juu ya mizizi yake, na mwaka 2005 mchongaji Eddie Freeman, mkazi wa mji wa Ross kisiwani humo humo, akavichonga kwa msumeno wa mnyororo hadi vikawa watu. Leo wasafiri husimamisha magari yao hapo wakapiga picha, na miti hiyo hutajwa pamoja na maporomoko ya maji na vivutio vingine vya barabarani. Wapo pia wanaoitazama kwa jicho la sanaa wakaona kazi ya kijijini, ya moyo mzuri na ufundi wa wastani. Naona wote wawili wanapima kwa mizani isiyo yake. Sanamu za Legerwood, na nyingine chache zilizotokana na miti ya aina hiyo, ni makaburi. Zilianza kuwa makaburi siku miche ilipofukiwa, na kuchongwa kwake kulikuwa mazishi ya pili ya watu wale wale.

Ili kuliona hilo, lazima turudi kwenye jambo moja ambalo vitabu vingi vya vita hulipita haraka, nalo ni maiti. Australia ya 1914 ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Kati yao wanaume zaidi ya 400,000 walijiandikisha jeshini, na zaidi ya 60,000 hawakurudi. Hakuna aliyelazimishwa kwenda ng'ambo: serikali iliwauliza wananchi kwa kura mara mbili, Oktoba 1916 na Desemba 1917, kama vijana waandikishwe kwa lazima, na mara zote mbili wananchi wakakataa. Kila aliyekufa, basi, alikuwa ameaga nyumbani kwa hiari yake, na wengi wa waliomsindikiza hawakupata hata mfupa wa kuzika. Uingereza ilikuwa imekataza miili kurejeshwa kutoka uwanja wa vita, na himaya yote ikafuata amri hiyo. Mantiki yake ilieleweka. Kama matajiri wangeruhusiwa kuwaleta wana wao nyumbani huku maskini wakiwaacha wao kwenye tope la Ufaransa, usawa wa wafu ungevunjika. Lakini kwa Mwingereza, kaburi la Ufaransa lilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari; kwa mama wa Tasmania lilikuwa mwisho wa safari ya wiki nyingi melini, kwa nauli ambayo asingeipata maishani. Katika vita vyote vile Australia ilimrejesha marehemu mmoja tu anayejulikana kwa jina, Meja Jenerali William Bridges, aliyejeruhiwa Gallipoli Mei 1915 na kuzikwa Canberra Septemba mwaka huo. Aliyemfuata alikuwa askari asiyejulikana, aliyefukuliwa Ufaransa na kuzikwa upya Canberra tarehe 11 Novemba 1993. Katikati ya hao wawili kuna miaka 78 na makumi ya maelfu ya familia zisizo na mahali pa kwenda. Na wengi wa wafu hao hata huko walikoanguka hawana kaburi linalojulikana: ukuta wa kumbukumbu wa Villers-Bretonneux, huko Ufaransa, peke yake una majina zaidi ya 10,000 ya Waaustralia wa namna hiyo.

Mwanahistoria Ken Inglis, aliyetumia miaka mingi kuzichunguza kumbukumbu za vita za nchi yake, alionyesha kwamba minara ya mawe iliyojaa katika miji midogo ya Australia ilisimama badala ya makaburi hayo ya mbali. Nakubaliana naye, ila nadhani miti ilikwenda mbele zaidi ya mawe. Mnara wa mawe ni wa mji mzima. Jina la mtu hukaa katika orodha, limebanwa na majina ya wenzake juu na chini. Mti ni wa mtu mmoja. Katika mji wa Ballarat, jimbo la Victoria, wafanyakazi wa kike wapatao 500 wa kiwanda cha nguo cha Lucas walianza mwaka 1917 kupanda mti mmoja kwa kila mwenyeji wa wilaya yao aliyejiandikisha jeshini, wauguzi wakiwemo. Walipomaliza mwaka 1919, miti ilikuwa zaidi ya 3,700, imepangwa kando ya barabara kwa urefu wa kilomita zipatazo 22. Wanawake wale walipanga miti kwa utaratibu wa tarehe za kujiandikisha. Cheo hakikuhesabiwa, ofisa na askari wa kawaida walipata nafasi sawa ya ardhi, sawasawa na makaburini ambako tajiri na maskini hupimiwa shimo moja. Huko Bacchus Marsh, tarehe 10 Agosti 1918, miti 281 iliwekwa ardhini kwa pamoja baada ya tarumbeta kulia, nayo ikafuata alfabeti ya majina. Hobart, mji mkuu wa Tasmania, ulianza safu yake mwaka huo huo. Kila mti ulikuwa na kibao chenye jina, na kila jina lilikuwa na watu wake. Mtu aliyetaka kumkaribia mwanawe alijua asimame wapi, na alikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake: kumwagilia, kupalilia, kuuzungushia mche uzio ili mifugo isiule. Kaburi lina kazi gani zaidi ya hizo? Huonyesha mahali, hubeba jina, na huwapa waliobaki shughuli ya kufanya badala ya kukaa tu na huzuni. Sanamu ya shaba haihitaji mkono wa mama yeyote.

Kuna pingamizi hapa ambalo haliwezi kupuuzwa. Miti ya Ballarat haikuwa ya wafu peke yao. Ilikuwa ya wote waliojiandikisha, na wengi wao walirudi, wakaoa, wakazeeka, na kila walipopita barabarani wakaiona miti yao wenyewe ikiwazidi kimo. Tena, miti mingi ilipandwa wakati serikali ikiendelea kuwatafuta vijana wa kupeleka mbele, hasa baada ya kura zile mbili kushindwa. Sherehe ya kupanda mti wa aliyekwenda ilikuwa pia kidole kinachomwonyesha yule aliyebaki. Hilo ni kweli, na anayezisifu njia hizo za heshima, yaani barabara zilizopandwa miti ya askari, bila kulitaja anaficha nusu ya habari. Hata hivyo, ukweli huo hauivunji hoja yangu. Unaonyesha tu jinsi mti ulivyokuja kuwa kaburi. Mwaka 1917 hakuna aliyejua ni mche upi ungekuwa wa mtu hai na upi wa marehemu. Yote ilikuwa sawa, mifupi, imefungwa kwenye vigingi. Kisha simu za maandishi zikaja, nyumba baada ya nyumba, na mti wa fulani ukabadilika maana bila kubadilika umbo. Legerwood haikupitia hatua hiyo ya mashaka. Waliopandiwa miti mwezi Oktoba 1918 walikuwa wamekwisha kufa, na jamaa zao walijua. Hakuna kijana aliyekuwa anaitwa jeshini na mche wa marehemu.

Mti una umri wake, nao haungoji historia iishe. Miti mingi ya 1917 na 1918 ilikuwa ya kigeni, iliyopendwa kwa kivuli na umbo, ikapandwa karibu na barabara ambazo baadaye zilipanuliwa, zikawekwa lami, zikachimbwa mitaro ya mabomba na kupitishiwa nyaya za umeme. Mizizi ilikatwa upande mmoja, matawi yakapogolewa upande wa pili, magonjwa yakaingia kwenye vidonda. Kufikia mwisho wa karne ya 20 miji mingi midogo ya Australia ilijikuta na swali moja: wafu wetu wa miti wanakufa, tuwafanyeje? Huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Victoria, mierezi ya Atlasi iliyopandwa kuwaenzi askari ilipoanza kuwa hatari, vigogo vyake vilichongwa na Kevin Gilders. Lakes Entrance, mji wa uvuvi upande wa mashariki wa jimbo hilo, miseprasi iliyokuwa ikipamba barabara ya ufukweni ilichongwa na John Brady. Legerwood wakafuata. Ufundi wenyewe una masharti magumu kuliko mtu anavyodhani. Mchongaji wa karakana huchagua gogo lake, hulikausha, huligeuza apendavyo. Akikuta fundo au ufa, hulitupa akachukua jingine. Anayechonga mti uliosimama hana nafasi hiyo. Hupewa kigogo chenye unene wake, mshazari wake na uozo wake wa ndani, naye hufanya kazi juu ya jukwaa la mabomba huku chenso ikimtikisa mabega. Mahali tawi lilipokuwa ndipo mkono wa sanamu unapoweza kutokea. Mahali pasipo na mti pa kutosha, kofia lazima iwe ndogo au kichwa kiinamishwe. Umbo la mti hushauri umbo la mtu. Na kazi ikiisha, kigogo hakikauki sawasawa: nje hunywea kabla ya ndani, nyufa zikafunguka kutoka juu hadi chini, maji yakaingia kwa juu, na chini usawa wa ardhi kuvu na mchwa vikaanza kazi, kwa sababu mizizi iliyokufa inaendelea kuwa daraja la unyevu.

Kwa hiyo mafundi wote wangeshauri jambo moja: kata kigogo, kikaushe, kichonge chini ya paa, kisha kisimike juu ya msingi wa zege ambako hakitagusa udongo. Kingedumu maradufu. Kwamba Legerwood hawakufanya hivyo, wakavumilia uchongaji wa shida na uhai mfupi zaidi, ndio ushahidi ninaoutegemea kuliko wote. Watu waliotaka sanamu tu wangechagua kinachodumu. Hawa walitaka mti ubaki palepale, juu ya mizizi ileile iliyofukiwa na mikono ya ndugu wa marehemu mwaka 1918. Kaburi halihamishwi kwa sababu fundi anasema penginepo pana ardhi nzuri zaidi.

Tazama pia kilichochongwa. Mwenye mazoea ya minara ya vita hutarajia bunduki iliyoelekezwa mbele, kifua wazi, kidevu juu. Legerwood ziko alama za jeshi, lakini kinachoshika macho ni maisha ya kabla ya jeshi. Yupo aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na kazi yake hiyo imechongwa pamoja naye. Yupo aliyesimamishwa na mchumba wake. Hizo ni habari ambazo jeshi halikuziandika. Zilitoka kwa jamaa na majirani, zikakabidhiwa mchongaji, kama ambavyo msemaji wa msiba hukusanya habari za marehemu kwa wazee kabla ya kusimama mbele ya waombolezaji. Anayesema kwamba sura zimekosa ulaini na mikunjo ya nguo ni migumu anasema kweli, ila amekwenda matangani kuhakiki ushairi. Hapo ndipo ninapotofautisha miti na miti. Lakes Entrance miongoni mwa sanamu yumo John Simpson Kirkpatrick na punda wake, yule mbebaji wa majeruhi aliyeuawa Gallipoli tarehe 19 Mei 1915 na ambaye kila mtoto wa shule wa Australia humjua. Ni kazi nzuri, lakini Simpson alikuwa mzaliwa wa Uingereza asiyekuwa na uhusiano wowote na mji ule wa wavuvi. Mti ulipandwa kwa watu wa pale, ukaishia kubeba sura ya shujaa wa taifa. Dartmoor nako, kwa kuonyesha matawi mbalimbali ya jeshi, sanamu zinaelekea kuwa somo la vita kuliko mazishi ya mtu. Naheshimu kazi hizo mbili, lakini hukumu yangu ni kwamba zimepoteza kitu ambacho Legerwood wamekihifadhi, kwa kuwa kaburi likishapewa jina la mtu mashuhuri, mwenye kaburi amefukuliwa.

Wako watakaosema kwamba kuchonga miti kwa msumeno wa injini ni mtindo wa juzi, uliozaliwa kwenye maonesho ya wakata mbao, na kuupa uzito wa mazishi ni kutia chumvi. Upande wa mashine wako sawa. Upande wa desturi wamekosea, na kosa lao linagusa jambo zito. Katika ardhi ya Australia, mti uliosimama ulichongwa kwa ajili ya marehemu muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya Waingereza. Watu wa Wiradjuri na wa Kamilaroi, wenyeji wa eneo ambalo sasa ni New South Wales, waliondoa gamba la mti na kukata ndani ya mbao michoro ya mistari iliyopinda na kurudiana. Kwa Wiradjuri hasa, miti hiyo ilizunguka kaburi la mtu mkubwa, nyuso za michoro zikiwa zimelielekea. Mti uliendelea kuishi, na mwaka hadi mwaka gamba likarudi taratibu kufunika kingo za mchoro. Karibu na mji wa Molong liko kaburi la Yuranigh, Mwiradjuri aliyemwongoza mpima ardhi Thomas Mitchell katika safari yake ya 1845 na 1846, akafariki miaka michache baadaye. Watu wake walichonga miti minne kuzunguka mahali alipolala. Mitchell akaongeza jiwe la kaburi la Kizungu. Namna mbili za kuzika zikawa mahali pamoja, na mpaka leo ziko pamoja. Lakini miti mingi ya namna hiyo haikupata bahati hiyo. Mashamba yaliisafisha, moto uliiteketeza, na mingine ilikatwa na wakusanyaji wakapeleka vipande vyenye michoro kwenye makumbusho, mbali na mtu ambaye kila mstari ulikatwa kwa ajili yake.

Siwezi kudai kwamba Freeman au wazee wa Legerwood waliiga Wiradjuri. Ninachosema ni kwamba nchi ile ilikuwa tayari na lugha ya kuzika kwa mti, na walioijua zaidi ndio waliosukumwa nje ya mazishi ya taifa. Sheria ya ulinzi ya Australia iliwaondoa kwenye utumishi wa vita watu wasiokuwa na asili ya Ulaya kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo wenyeji wapatao 1,000 waliweza kuingia jeshini, hasa baada ya Mei 1917 masharti yalipolegezwa kwa wale wenye mzazi mmoja wa Kizungu. Walipigana na kufa kama wengine, na waliorudi walikuta sheria zilezile za kuwabagua. Ukiziita njia za heshima makaburi, kama ninavyoziita, unalazimika kuuliza nani hakupewa shimo, na hilo kwangu ni faida ya kuziita hivyo. Mnara wa sifa huweza kuridhika na waliomo. Makaburi humwuliza kila mtu: wenu yuko wapi?

Limebaki pingamizi la wakati. Mbao zitaoza. Hata zikipakwa mafuta kila mwaka, hata nyufa zikizibwa, ipo siku kigogo kitalegea, na hapo watu waliokataa kukata mti mwaka 2001 watakuwa wamelikimbia swali bila kulijibu. Si bora wangepanda mti mpya palepale? Njia hiyo ipo na ina heshima yake. Hobart wamekuwa wakirudishia miti iliyopotea na vibao vyake tangu mwanzo wa karne hii. Melbourne, kwenye Hekalu la Kumbukumbu, msonobari uliopandwa mwaka 1933 kutokana na mbegu ya mti wa Lone Pine wa Gallipoli uliugua, ukakatwa mwaka 2012, na nafasi yake ikashikwa na mti mwingine wa ukoo huohuo uliokuwa umekwisha pandwa karibu. Mti huzaa mti, jina linaendelea. Nisingemlaumu mtu aliyechagua hivyo. Lakini kupanda upya kunawezekana tu pale ambapo mti ulisimama kwa niaba ya mwingine. Ukiamini kwamba mti umemeza jina la mtu kwa miaka 80, kwamba kipenyo chake ni miaka ambayo yeye hakuipata, huwezi kuuondoa kama balbu iliyoungua ukaweka nyingine siku hiyohiyo. Unauzika kwanza. Kuchongwa ni kuuzika, na kuoza kwake baada ya hapo hakuna aibu. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa hilo kutoka mbali. Wamijikenda huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu vigango vya mbao ngumu, na desturi yao ni kwamba kigango haking'olewi: familia ikihama, kigango hubaki kikaliwa na mvua na mchwa mahali pake. Madhara yalianza pale wezi na wafanyabiashara wa sanaa walipoviona kuwa vitu vya kudumu na kuvipeleka kwenye makumbusho ya Marekani, ambako vililindwa dhidi ya wadudu na kukosa kila kitu kingine. Baadhi vimerudishwa Kenya miaka ya karibuni, navyo vilirudi kama marehemu wanaorudishwa kwao.

Na hapa vita vile vile vinatugusa sisi moja kwa moja. Wakati Ballarat wakipanda mti kwa kila askari, wapagazi wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Kongo walikuwa wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili katika kampeni ya Afrika Mashariki, wakifa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya shaba, imara, inang'arishwa na jua la mji mzima, na haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwao haikukosekana shaba. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: huyu ni mmoja, apewe chake. Januari 2025 ilizinduliwa Cape Town kumbukumbu ya Waafrika wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi za vita barani Afrika bila makaburi yanayojulikana, baadhi yao katika ardhi yetu hii. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mbao, na jina lake limechongwa juu yake. Mbao iliyochaguliwa ni mvule.

Majina yale yalipatikana kwa sababu yalikuwa yameandikwa katika madaftari ambayo hayakuteketezwa. Kwa wapagazi wetu wengi daftari halipo, ila katika baadhi ya nyumba bado yupo mzee aliyesikia kwa babu yake ni nani aliyechukuliwa na hakurudi, na alichukuliwa kutoka kitongoji gani. Ewe msomaji mwenye mzee wa namna hiyo, mwulize jina hilo mwaka huu, uliandike.